Benki Bila Mlango: Faida Inatoka Wapi?

Leo tunazungumzia benki zisizo na tawi hata moja. Hakuna foleni, hakuna mlinzi wa kukuambia uvue kofia. Akaunti unaifungua kwa simu na mambo yote yanaishia humo humo. Swali letu ni la fedha tu: je, benki hizi zinapata faida kuliko zile za kuta na kaunta?

Hesabu ya haraka inasema ni lazima zipate. Tawi lina gharama: pango, umeme, jenereta, walinzi, gari la kubebea fedha, mishahara. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki si ndiyo faida? Matumaini ya namna hiyo yalivuma Marekani Oktoba 1995 ilipofunguliwa Security First Network Bank, iliyotoa huduma zake kwa intaneti. Lakini mchumi Robert DeYoung alipochambua hesabu za benki za aina hiyo katika miaka yao ya mwanzo, alikuta kwamba kwa wastani faida yao ilikuwa ndogo kuliko ya benki zenye matawi. Pengo lilipungua kadiri zilivyokua, ila nafuu iliyotarajiwa kwenye gharama haikuonekana yote.

Kwa nini? Kwa sababu benki haiishi kwa kukwepa pango. Inaishi kwa kupokea amana kwa riba ndogo na kuzikopesha kwa riba kubwa. Na hapo ndipo benki kongwe inapomshinda mgeni. Mishahara ya watumishi inapitia kwake mwezi baada ya mwezi, na wengi wao hawadai riba yoyote; hizo ni fedha karibu za bure. Mgeni wa mtandaoni anayetaka kuwavuta watu hao inabidi aahidi riba nono na alipie matangazo. Alichookoa kwenye pango kinatokea mlango wa nyuma.

Tazama Xinja, ya Australia. Ilipata leseni kamili ya benki Septemba 2019, na Januari 2020 ikaja na akaunti ya akiba ya riba ya asilimia 2.25. Wakati huo riba ya Benki Kuu ya nchi hiyo ilikuwa asilimia 0.75, na Machi ikashushwa hadi 0.25. Watu wakamiminika. Tatizo ni kwamba Xinja haikuwa ikikopesha mtu yeyote. Ni sawa na muuza duka anayenunua mchele kwa bei ya juu, anaujaza stoo, halafu hauzi hata kilo. Kila mteja mpya alikuwa hasara mpya. Ilishusha riba, haikusaidia. Desemba 2020 ikatangaza kwamba inarudisha leseni, na wateja wakarudishiwa amana zao.

Kukopesha nako peke yake hakutoshi. NetBank ya Marekani ilikopesha, hasa mikopo ya nyumba, na mikopo mibaya ikawa miongoni mwa yaliyoiangusha. Wasimamizi wakaifunga Septemba 2007, ikiwa na mali ya takriban dola bilioni 2.5.

Sasa njoo Brazil. Nubank ilianzishwa mwaka 2013 na kuingia sokoni na kadi ya mkopo isiyo na ada ya mwaka. Yaani ilianza kwa kukopesha, tena katika nchi ambako riba ya deni la kadi linaloahirishwa hupita asilimia 300 kwa mwaka. Hata hivyo mwaka 2022 bado ilifunga hesabu kwa hasara. Mwaka 2023 ikapata faida ya zaidi ya dola bilioni 1, na 2024 karibu bilioni 2, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 100. Kumhudumia mteja mmoja kunaigharimu chini ya dola moja kwa mwezi. Hapo ndipo kukosa matawi kunapolipa: mikopo ikishakuwepo, na watu wakishakuwa wengi. Lakini tusiwazike wazee mapema. Mwaka huo wa 2024 Itaú Unibanco, benki ya matawi ya Brazil, ilipata faida ya zaidi ya bilioni 40 za reais, sarafu ya nchi hiyo, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya faida ya Nubank.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kivingine. Novemba 2012 benki ya CBA ya Kenya, ambayo mwaka 2019 iliungana na benki ya NIC na kuwa NCBA, ilishirikiana na kampuni ya simu ya Safaricom kuleta M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Benki ya kawaida, yenye matawi yake, ikawafikia mamilioni ya watu bila kujenga ukuta mwingine. Kwa miaka mingi ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa asilimia 7.5. Ukikopa shilingi 1,000, unarudisha 1,075. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 900 juu ya elfu ile ile. Kenya ilipoweka kikomo cha riba za benki Septemba 2016, ada hiyo ilisalimika, kwa hoja kwamba haihesabiwi kuwa riba.

Kama una mkopo wa simu wa siku 30 sasa hivi, msikilizaji, fungua ule ujumbe wa siku uliyokopa. Chukua ada, igawanye kwa kiasi ulichopokea, kisha zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo bei ya mwaka mzima ya fedha uliyokopeshwa bila kukanyaga tawi.