Kuhamia Nyumba Mpya Bila Kuhama na Ukungu

(Mazungumzo yaliyotolewa Maji ya Chai mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza jambo ambalo kila mwenye nyumba hukutana nalo siku ya kuhama, nalo ni vitu vilivyoota ukungu. Godoro linapovutwa kutoka ukutani, huonekana madoa meusi upande wa chini. Sanduku la nguo likifunguliwa, hutoka uvundo. Na gunia la mwisho la mahindi, lililokaa sakafuni tangu masika, hukutwa limeshikana chini kama tofali. Hapo ndipo mwenye nyumba hujiuliza: kipi kichukuliwe, na kipi kitupwe?

Kuhama si jambo geni katika nchi hii ya Meru. Mwaka 1951 familia za Engare Nanyuki zilitolewa kwa nguvu katika ardhi yao na nyumba zao zikachomwa moto, hata mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akafikisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Tena kati ya mwaka 1973 na 1976 wananchi wengi wa Tanzania walihamia vijijini kwa amri ya Serikali. Watu wa namna hiyo hawakupewa muda wa kuchagua vyombo. Lakini anayehama leo kwa hiari yake, akitoka nyumba ya udongo kwenda ya matofali, au akishuka kutoka mlimani kusogea barabara kuu ya Arusha na Moshi, anazo siku za kutosha kupanga. Inafaa azitumie.

Kwanza ieleweke ukungu hutoka wapi. Ukungu, au kuvu, ni kiumbe hai kinachokula nguo, mbao, karatasi na nafaka. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo zimo hewani mahali pote. Haziwezi kuota pasipo unyevu. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, hukusanya mawingu. Baada ya mvua za Machi hadi Mei huja baridi ya Juni na Julai, na jua huweza kufichika siku nyingi. Nguo iliyokunjwa ikiwa na unyevu kidogo haipati nafasi ya kukauka. Kwa hiyo asiyelazimika ahame katika majira makavu, kama vile Januari na Februari, au kuanzia Agosti kabla vuli haijaanza.

Siku kadhaa kabla ya safari, vitu vyote vitolewe nje na kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu visivyonyonya maji: sufuria, vyombo vya plastiki, vitanda vya chuma, na pia samani za mbao ngumu ambazo ukungu umekaa juu juu. Hivi visuguliwe kwa sabuni na maji, visuuzwe, kisha vianikwe mpaka vikauke kabisa. Maji ya mto uliolipa eneo hili jina lake yana madini ya floridi kwa wingi, ambayo hubabua meno ya watoto na kudhoofisha mifupa, lakini kwa kazi ya kuosha vyombo vya kuhama na kufua yanafaa. Maji ya mvua yaliyokingwa yaachwe kwa kunywa na kupikia. Anayetumia dawa ya klorini afungue milango na madirisha, wala asiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana mchanganyiko huo huweza kutoa hewa yenye sumu.

Fungu la pili ni vitu vinavyonyonya maji lakini vinaokoleka. Nguo, mashuka na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto pale kitambaa kinaporuhusu, kisha yakae juani. Godoro la sufi lifumuliwe, sufi ianikwe na kupigwapigwa, na foronya yake ifuliwe. Godoro la sponji ambalo ukungu umepenya ndani halisafishiki, heri libaki. Vyeti vya shule, hati za shamba na vitabu vya hisa visipigwe jua kali wala pasi. Vitandazwe kivulini penye upepo mpaka vikauke, ndipo vipanguswe taratibu kwa brashi laini huko nje, kisha vihifadhiwe katika kopo kavu lenye kifuniko.

Anayepangusa ukungu afunge pua na mdomo kwa kitambaa, na asimame upande upepo unakotoka. Mwenye ugonjwa wa pumu, mtoto mchanga na mzee asiye na nguvu wakae mbali na kazi hiyo.

Fungu la tatu ndilo zito, nalo ni chakula. Hapa mwenye nyumba hushikwa na huruma. Gunia la kilo mia ni jasho la msimu mzima, na nyumba mpya imekwisha kumaliza fedha. Kwa hiyo huwaza kuyaosha mahindi yale na kuyaanika upya, kisha ayasage. Au awape kuku na ng'ombe. Au ayauze sokoni Tengeru kwa bei ya chini. Njia hizo zote ni za hatari.

Baadhi ya kuvu wanaoota juu ya mahindi na karanga hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haina ladha wala rangi. Kuosha hakuiondoi yote, na moto wa kupikia ugali haiuogopi. Ikiwa nyingi huharibu ini kwa siku chache, mtu akageuka macho manjano na tumbo likajaa maji. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini.

Mifano iko karibu. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufariki 125 kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliougua walikuwa zaidi miongoni mwa wale walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Mwaka 2016 balaa lilifika kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakapoteza maisha. Manyara ni mkoa jirani, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002.

Wala mnyama si jalala. Ng'ombe akilishwa pumba au mahindi yenye kuvu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto yule yule aliyeepushwa na ugali. Basi gunia lililoshikana, linalonuka uvundo au lenye vumbi la kijani na manjano lisihamishwe, lisiuzwe, wala asipewe jirani. Lizikwe katika shimo refu, mbali na chanzo cha maji, mahali ambapo kuku na mbwa hawatalifukua.

Gunia linaloonekana zima nalo lipimwe kabla ya kupakiwa. Chupa kavu yenye kifuniko itiwe vijiko viwili vya chumvi kavu na kadiri ya robo kilo ya mahindi, itikiswe kwa nguvu dakika moja, kisha iachwe kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, na ni lazima yaanikwe tena juu ya turubai. Isipogandama, hata hivyo siku moja zaidi ya jua ina faida, maana nafaka ya kuhifadhi muda mrefu hutakiwa kushuka hadi asilimia 13 hivi. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa.

Huko kwenye nyumba mpya kuna adui mwingine asiyetazamiwa. Sakafu na lipu ya saruji iliyomalizwa karibuni hubaki na maji ndani yake kwa majuma mengi, hata kama juu inaonekana kavu. Kabati likisukumwa mpaka ukutani, ukungu huota nyuma yake kabla ya mwaka kwisha. Basi madirisha yafunguliwe kila mchana usio na mvua, samani ziachiwe nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani, na magunia yawekwe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta.

Je, chama cha msingi kinahusikaje? Kinahusika sana. Mwanachama anayehama mara nyingi huomba kuweka mazao yake katika ghala la chama mpaka nyumba ikamilike. Mtunza ghala asiyepima huingiza unyevu na wadudu katikati ya mazao ya watu wengine. Kahawa iliyooshwa na kukaushwa vizuri, ambayo unyevu wake hutakiwa kuwa asilimia 11 hadi 12, ikikaa jirani na magunia yenye uvundo hunyonya unyevu na harufu hiyo, na hasara huwa ya wote. Kwa hiyo inapendekezwa kila chama kiwe na turubai za kuazimisha wanachama wanaohama, kipime kila gunia mlangoni, na kikatae magunia matupu yenye ukungu mpaka yachemshwe na kuanikwa.

Tena, mwanachama aliyezika gunia lake asiachwe peke yake. Amepata hasara kwa kufanya lililo haki, na amewakinga walaji wa sokoni asiowajua. Wajumbe wafikirie jinsi ya kumsaidia mpaka mavuno, kwa mkopo wa chakula au kwa njia nyingine ambayo masharti ya chama yanaruhusu. Mtu akijua kwamba wenzake watamshika mkono, hatashawishika kulipakia gunia lile garini usiku.