Yamemfika: Jinsi Lugha Zinavyoisema Shida

Lugha nyingi huichukulia shida kuwa ni mahali. Mtu huingia humo, hukwama, hutapatapa, kisha hutoka au hutolewa. Kiswahili hufanya hivyo kwa silabi moja tu: matata huwa matatani, mashaka huwa mashakani, taabu huwa taabuni. Kifini, lugha isiyo na undugu wowote na Kiswahili, hutumia njia hiyohiyo. Neno *pula*, lenye maana ya upungufu au shida, huongezwa kiambishi cha mahali likawa *pulassa*, na aliye *pulassa* yumo matatani. Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walichapisha kitabu *Metaphors We Live By*, wakieleza kwamba sitiari si pambo la washairi bali ni njia ya kawaida ya kufikiri. Hali ya mtu kusemwa kana kwamba ni kitu kinachomzunguka ni mojawapo ya mifano yao.

Mahali penyewe mara nyingi ni pembamba. Dhiki ni neno lililotoka Kiarabu, na huko asili yake ni wembamba, yaani kukosa nafasi. Kilatini kilikuwa na *angustia*, njia nyembamba iliyokuja kumaanisha mateso; na hofu ambayo Wajerumani huiita *Angst* ni ndugu wa neno lao *eng*, lenye maana ya -embamba. Kwa upande wa Kibantu, kitenzi kubana kimefanya kazi hiyohiyo: mtu hubanwa na madeni, na maisha humbana. Methali ya pwani isemayo baada ya dhiki faraja imehifadhi picha nzima, kwa kuwa faraja nayo inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunguka na kupata mwanya. Wasemaji wengi hawaujui mzizi huo, lakini methali inawafikishia maana yake ileile: palipobana pamefunguka.

Kuna shida za kubanwa na vitu viwili. Wagiriki wa kale walikuwa na Scylla na Charybdis, mazimwi mawili ya baharini katika *Odyssey*, ambayo mapokeo yaliyaweka kwenye mlangobahari wa Messina, kati ya Sicily na bara la Italia. Waarabu na Wafaransa huzungumzia nyundo na fuawe, Wahispania upanga na ukuta. Wachina humtaja mtu aliyempanda chui-milia: kuendelea ni hatari, na kushuka ni kuliwa. Ila msemo wao mzito zaidi umetoka vitani. Mwaka 202 KK, huko Gaixia, jeshi la Liu Bang lilimzingira Xiang Yu. Usiku Xiang Yu alisikia nyimbo za kwao Chu zikiimbwa pande zote nne, akaamini kwamba nchi yake imekwisha kutekwa. Mwanahistoria Sima Qian aliliandika tukio hilo, na hadi leo maneno manne, nyimbo za Chu pande nne, yanatosha kumweleza mtu asiye na wa kumtegemea. Wajapani nao waliuchukua msemo huo.

Picha nyingine hutoka kazini na michezoni. Mfaransa aliyepatikana husema yumo ndani ya *pétrin*, chombo cha mbao cha kukandia unga wa mkate. Mjerumani hukaa ndani ya wino, au huwa ndani ya *Zwickmühle*, mtego wa mchezo wa kete: mpinzani akisogeza kete moja hufunga mstari huu na kuufungua ule, na kila zamu mtu hupoteza kete. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walichota kwenye vyombo vya bahari. Chombo kinachoyumba huenda mrama, na mambo yaliyoharibika huenda mrama. Kilichoachwa na maji hupwelewa, na aliyeishiwa njia hupwelewa vilevile. Mazungumzo ya amani yasiyofika popote hugonga mwamba, msemo ambao leo hutumiwa hata na waandishi wa habari wa bara, mbali kabisa na miamba. Maji yaliyofika shingoni, kwa upande mwingine, si mali ya pwani peke yake: Wahispania, Waitaliano na Wajerumani wanayo, na picha ya maji yanayomfikia mtu hadi pumzi yake imo katika Zaburi ya 69. Hapana haja ya kutafuta nani alimwazima nani, maana mwili wa binadamu majini ni uleule.

Ambapo Kiswahili kina utajiri wa pekee ni katika sarufi. Yamemfika. Yamemkuta. Yamemzidi. Katika sentensi hizi shida ndiyo mtenda, na mtu ni mtendwa aliyebaki na silabi moja, -m-. Tena mtenda hatajwi. Kiambishi ya- kinaelekeza kwenye mambo, na wakati mwingine kwenye maji, kwa sababu nomino zote mbili huleta upatanisho mmoja. Ndiyo maana yamemfika shingoni hueleweka bila maji kutajwa. Salamu ya hujambo ina mantiki hiyohiyo: asili yake ni kuuliza kama mtu hana jambo, na jambo lisiloelezwa huchukuliwa kuwa baya.

Kutotaja huku kuna kazi ya adabu. Anayekwenda kumpa pole jirani aliyefilisika au aliyefiwa husema, "Pole kwa yaliyokukuta," na hakuna jeraha linaloguswa. Lakini kiambishi kikibadilika, lawama nayo huhama. Amelikoroga mwenyewe, atalinywa: hapa kitu bado hakina jina, ila sasa ni li-, na mtu amerudi kuwa mtenda. Ki- ni cha vitisho na misukosuko: atakiona cha mtema kuni, atakiona kilichomtoa kanga manyoya. Hivyo hukumu nzima juu ya nani amekosa huweza kubebwa na viambishi kabla ya nomino yoyote kutamkwa. Lugha zinazolazimika kutaja mtenda kwa jina haziwezi kuufikia upole huo kwa urahisi.

Kwa hiyo inasikitisha kuona magazeti na redio zikikimbilia "kupitia wakati mgumu" kwa kila tukio, kuanzia timu iliyofungwa mabao matatu hadi kijiji kilichofurika. Msemo huo hausemi kama watu wamebanwa, wamepwelewa au wamelikoroga wenyewe. Vijana wa mijini, ambao husemwa kuwa wanaiharibu lugha, wameifuata sarufi ya wahenga kwa uaminifu zaidi: kimenuka, kimeumana, imekula kwake. Katika huu wa mwisho i- nayo imeingia kwenye orodha ya viambishi visivyo na nomino, ikieleza hasara iliyomwangukia mtu mmoja.