Viatu Tunavyovaa na Usalama wa Miguu Yetu

(Mada iliyotolewa kwa wahudumu wa afya wa vijijini, Same)



Tunawashukuru kwa kuteremka kutoka Mbaga, Vudee na Chome. Asubuhi tulipokuwa tukiwapokea mlangoni tuliona kwamba wengi wetu tumevaa ndala, hata sisi wa ofisi ya miradi. Hatulaumu mtu. Ndala ni rahisi na hupatikana kila duka.

Lakini tufikirie njia zetu za milimani, hasa wakati wa vuli na masika udongo unapoteleza. Ndala haishiki kisigino. Anayeivaa huibana kwa vidole isichomoke, na vidole hivyo hushindwa kufanya kazi yake ya kushika ardhi. Mama mwenye mzigo wa tangawizi kichwani akiteleza, ni vigumu kujizuia. Kwa mzee, kuanguka mara moja kwaweza kuvunja nyonga, na aliyekuwa akienda shambani akabaki kitandani.

Je, basi twende peku? Ni kweli mguu mtupu huhisi njia vizuri. Lakini kuna miiba, misumari, funza, na minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi.

Tunachoshauri si kiatu cha gharama. Katambuga yenye mkanda nyuma ya kisigino, na tairi ambalo meno yake hayajaisha, inafaa kwa wengi wetu. Kiatu kienee mguu. Tuache desturi ya kumnunulia mtoto kiatu kikubwa kwa kusema "atakikulia", kwani hujikwaa nacho njia nzima ya shule.

Wenye kisukari wana hatari zaidi. Ugonjwa huu huweza kuondoa hisia miguuni, hata mtu akatembea na msumari uliopenya soli asijue. Kidonda kikioza, mguu hukatwa. Hao wasitembee peku hata ndani ya nyumba. Wavae viatu vilivyofunika vidole na visivyobana, wavikung'ute kabla ya kuvaa, na wakague nyayo kila jioni. Wakiona kidonda waende kituo cha afya, hata kama hakiumi.

Tunaomba jambo moja. Mkifika nyumbani, pindueni viatu vya wazee wenu mtazame soli. Zikiwa zimelika na kuwa laini, msisubiri mvua. Kununua katambuga ni nafuu kuliko kumbeba mgonjwa kwa machela hadi barabarani.