Jina Kwenye Sweta Kabla ya Shule Kufunguliwa



Kila muhula kuna mtoto wa bweni anayerudi nyumbani na sweta isiyo yake, au bila sweta kabisa. Kwenye kamba ya kuanikia, nguo za shule zote ni za rangi moja. Mzazi hununua nyingine, na kabla ifike mtoto ameshatetemeka asubuhi kadhaa.

Si lazima mzazi awe fundi cherehani. Kateni utepe mweupe wa pamba, urefu wa kidole. Andikeni jina kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji, ukauke. Kunjeni ncha mbili kwa ndani ili nyuzi zisichomoke, kisha mzishone juu ya lebo ya kiwandani iliyoko tayari shingoni. Sindano haigusi sweta yenyewe, kwa hivyo hata mshono uliopinda hauonekani nje.

Soksi huvutika, shoneni ncha moja tu, uzi usije ukakatika. Blanketi ishonwe pande zote nne.

Lebo za kubandika kwa pasi ni za haraka, lakini ziwe za shati la pamba, bila mvuke. Kwenye nailoni au akriliki, joto la kuyeyusha gundi huweza kuharibu kitambaa. Pasi ya makaa haina kipimo, basi jaribuni kwanza kwenye kitambaa kikuukuu.

Jina likae ndani, mpita njia asilisome. Na lile la kaka aliyeivaa mwaka jana? Lifumueni kwanza.