Kakao, Presha na Wazee Wetu



Nimeombwa kuzungumza juu ya afya ya wazee, ingawa kazi yangu ni mafaili wala si udaktari. Nimekubali kwa sababu ya kopo moja la kakao.

Mwaka juzi mama yangu, ambaye yuko nyumbani Tarime, alianza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, kisha njia ya kisimani. Usiku mmoja alikutwa amekaa kando ya zizi la jirani, akingojea ng'ombe wa baba yake waliokwisha kufa miaka mingi. Kuanzia Sirari hadi Mugumu, nani hapa asiyejua husemwa nini mwanamke mzee akikutwa usiku penye zizi la watu? Minong'ono ikaanza. Mdogo wangu akanipigia simu Dodoma, sauti ikimtetemeka. Nami, badala ya kupanda basi, nikatuma kakao. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba hurudisha kumbukumbu za wazee.

Baadaye niliitafuta habari yenyewe. Si uongo mtupu. Kakao ina vitu viitwavyo flavanoli, ambavyo husaidia mishipa ya damu kulegea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza kwamba waliokunywa flavanoli nyingi kwa miezi mitatu walifanya vizuri zaidi katika kipimo kimoja cha kumbukumbu. Lakini watu wenyewe walikuwa 37, pengine wachache kuliko darasa letu la kidato cha pili.

Ndipo ukafanywa uchunguzi mkubwa huko Marekani, uitwao COSMOS, wenye watu zaidi ya 21,000. Sehemu ya gharama ilitoka kwa kampuni ya Mars, watengenezaji wa chokoleti, jambo ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angelipigia mstari. Wengine walipewa flavanoli miligramu 500 kila siku, wengine vidonge vitupu. Wazee 2,262 kati yao walipimwa akili kwa njia ya simu kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2022: kakao haikuleta tofauti. Mwaka 2023 yakatoka ya kundi jingine la watu 3,562. Kwa jumla haikusaidia, ila wale ambao chakula chao cha kawaida kilikuwa na upungufu wa flavanoli walipata nafuu kidogo ya kumbukumbu.

Sasa, flavanoli hizo hizo zimo katika chai, na mama yangu amekunywa chai asubuhi na jioni tangu kabla sijazaliwa. Tena kakao nyingi za dukani hutiwa dawa ya namna ya magadi kiwandani ili uchungu upungue, na flavanoli nyingi hupotelea hapo. Kopo nililotuma mimi lilikuwa zaidi sukari. Ndugu zetu wa Kyela, watoao kakao nyingi ya nchi hii, wanisamehe.

Hatimaye nilipanda basi. Hospitalini presha ya mama ilikuwa 190 kwa 110. Daktari akasema amekwisha kupata viharusi vidogo vidogo bila sisi kujua. Na wale watu wa COSMOS walichaguliwa wasiowahi kupata kiharusi! Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu wa kupotewa na akili. Huko huko Hai, wazee wenye presha ya juu walikuwa karibu 7 katika kila 10, na wengi hawakuwa na dawa.

Tuliwaita wazee wa kitongoji, tukamwomba mganga wa zahanati aeleze. Mzee mmoja akauliza, "Kwani ugonjwa hutembea usiku?" Mganga akamjibu, "Mzee wangu, malaria ikikupanda kichwani hujaweweseka usiku ukatoka nje?" Mzee akacheka, na wengine wakacheka. Minong'ono haijakwisha yote, lakini jirani yule sasa humrudisha mama nyumbani kwa kumshika mkono.

Vidonge vya presha havikumrudishia njia ya kisimani. Daktari alituambia mapema kwamba kazi yake ni kuzuia viharusi vingine.

Mganga huyo tumekuja naye leo. Amekaa na mashine yake chini ya mwembe ule, na atakuwepo mpaka saa kumi. Waliofuatana na wazazi wao waanze. Sisi tuliokwisha kuota vitambi tufuate.