UJASIRI WA MGONJWA NA WAJIBU WETU

Mazungumzo kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Bombambili, Songea



Tunakutana wakati wa Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992, nayo huadhimishwa kila tarehe 11 Februari. Wazee wetu wanamkumbuka alipofika hapa Songea, Septemba 1990, akiwa bado na nguvu. Miaka iliyofuata dunia ilimwona akitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, wala hakujificha, hadi alipofariki mwaka 2005. Lakini leo twapenda kuzungumza habari za mgonjwa aliye karibu zaidi nasi.

Tunaye rafiki katika mojawapo ya jumuiya zetu. Ametupa ruhusa kusema habari zake, ila jina tuliache. Anaishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi. Kila jioni, saa ile ile, humeza dawa yake. Analima mahindi, anasomesha watoto, na katika mazishi huwa wa kwanza kushika jembe. Siku moja, bila kulazimishwa na mtu, aliwaeleza wanajumuiya hali yake, ili kijana mmoja aliyekuwa akiogopa kupima damu apate moyo. Kijana yule alikwenda kupima.

Tangu siku hiyo, kila jumuiya iliponywa chai baada ya sala, rafiki yetu aliwekewa kikombe cha plastiki cha peke yake. Hakuna aliyesema neno. Alikunywa, akashukuru, na juma lililofuata akarudi na rozari yake mkononi.

Nasi mapadre tulipopata habari tulifanya nini? Tulimsifu. Tulisema mbele ya waamini kwamba kuna ndugu anayetufundisha uvumilivu. Hatukuuliza anavumilia nini. Virusi alikwisha kuvizoea. Alichokuwa akivumilia ni sisi na kikombe chetu.

Ujasiri wa namna hii umekwisha kuonekana katika Afrika Mashariki. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, Mganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao na kutangaza hadharani kwamba anao UKIMWI. Wako waliosema kuwa anatafuta kuuza santuri. Yeye akazunguka mashuleni na makanisani huku mwili ukizidi kudhoofu, akieleza ugonjwa huo kwa mdomo wake mwenyewe, hadi alipofariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 38. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO cha kuwasaidia wagonjwa na familia zao. Wengi wa waanzilishi hao walikuwa wenyewe wanaishi na virusi.

Lutaaya hakupata dawa ambazo rafiki yetu anazo. Hapa Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Leo mtu anayezimeza ipasavyo, hata vipimo visione tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Ama kikombe, hakijapata kumwambukiza mtu yeyote tangu ugonjwa huu ujulikane. Basi woga wetu hauna hata udhuru wa kutokujua.

Tena si suala la huruma tu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumbagua au kumnyanyapaa mtu kwa sababu ya virusi, na inalinda siri ya majibu yake. Kiongozi wa jumuiya anayepeleka habari za mgonjwa nyumba kwa nyumba, hata akisema ni kwa ajili ya kumwombea, anamnyang'anya mwenzake haki yake. (Twajua maombi ya namna hiyo, husambaa upesi kuliko tangazo la parokia.) Bwana wetu alipomponya mwenye ukoma alinyosha mkono akamgusa kwanza, naye mtu yule alikuwa bado hajatakasika.

Tulikwenda kumwomba radhi rafiki yetu. Alicheka, akatukaribisha kiti, akauliza kwa nini hatukuwa tumefika kwake zamani. Ndipo tulipofahamu kwamba sala za jumuiya huzunguka kila nyumba, lakini zamu ya nyumba yake imerukwa mara mbili, kila mara kwa sababu nzuri ya kusingizia mvua.

Alhamisi ijayo ni zamu yake. Tumekwisha kumwarifu mwenyekiti kwamba tutasali pale, na chai tutakunywa kwa vikombe vya mwenye nyumba. Twawaomba mje.