Tusiizike Mashine ya Msasa Ikiwa Hai

Ndugu msikilizaji, kabla ya msasa kuwa karatasi ya dukani, ulikuwa jani. Mti uitwao msasa bado unaota katika nchi yetu, na majani yake yanayokwaruza ndiyo waliyoyatumia wazee wetu kulainisha mipini na vinyago. Baadaye ikaja karatasi, na baada ya karatasi ikaja mashine ndogo ya umeme ya kushika mkononi. Ukipita Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za samani, utaisikia ikivuma tangu asubuhi.

Mashine hiyo ikinyamaza, karakana nzima huinamisha kichwa. Mteja ametanguliza fedha, harusi ni Jumamosi, na kitanda hakijapakwa vanishi. Hapo ndipo husikika lile neno la kukata tamaa: "Imeungua!" Mashine hutupwa chini ya meza, na fedha iliyokuwa ya ada ya mtoto hununua nyingine. Ninalotaka kusema juma hili ni kwamba mara nyingi mashine hiyo haijaungua. Tunaizika ikiwa hai.

La kwanza, kabla ya kugusa skrubu yoyote, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na wale ambao mashine zao hazina plagi kabisa, wanaochomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, wajue kwamba wanacheza na mauti. Plagi ni rahisi kuliko sanda.

La pili, tuanze nje kabla ya kuingia ndani. Jaribu soketi kwa taa au redio. Kisha tazama waya pale unapoingia kwenye mashine. Hapo hukunjwa kila siku, nyuzi zake hukatika ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Mashine inayowaka ukikunja waya huku na kuzimika ukiukunja kule imekwisha kukuambia ugonjwa wake. Kata sehemu mbovu, au weka waya mpya. Swichi nayo humeza vumbi ikashindwa kushika. Ipulizie kwa pampu ya baiskeli, na isiposikia, badilisha.

La tatu ni kaboni. Ndani ya mota nyingi za mashine hizi mna vipande viwili vya kaboni, vidogo kuliko kidole, vinavyosukumwa na springi ili vipeleke umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kazi yao ni kulika, kama soli ya kiatu. Vikiisha, mashine hutoa cheche nyingi, hukatakata, kisha husimama kimya. Fundi asiyejua husema mota imekufa. Vikibaki karibu milimita 6, au vikifika alama iliyowekwa na mtengenezaji, badilisha vyote viwili kwa pamoja, kwa saizi ileile. Hakikisha vinateleza bila kukwama mahali pake.

La nne ni kelele. Zungusha kitako cha mashine kwa mkono, plagi ikiwa nje. Kikikwaruza au kikilegea, beringi zimekwisha. Beringi huwa na namba ubavuni. Nenda nayo dukani, uchague ile iliyofunikwa pande zote mbili, maana vumbi ndilo lililoiua ya kwanza.

La tano, karatasi ikiruka kila mara, tusiilaumu karatasi. Vijinyuzi vya kitako vinavyoishika vimeyeyuka kwa joto, na joto hilo limetokana na fundi kuikandamiza mashine kana kwamba anakanda unga. Uzito wa mashine na mkono mwepesi vinatosha. Ukikandamiza, unachosha mota na kuchora miduara kwenye mbao, ambayo vanishi itaitangaza badala ya kuificha.

Zipo mashine zilizoungua kweli. Utanusa harufu ya waya ulioungua na utaona koili imekuwa nyeusi. Hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka mota, na uulize bei kwanza. Nyingine huungua siku ya kwanza: mashine ya mtumba kutoka Marekani, iliyotengenezwa kwa volti 120, ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Ndugu msikilizaji, adui wa mashine hii karibu kila mahali ni vumbi. Lakini vumbi linaloziba swichi na kula beringi huvutwa pia na kijana anayeishika. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mashine ina mfuko wa vumbi; usitupwe kwa kuwa unasumbua, bali umwagwe kabla haujajaa. Mwanagenzi naye apewe barakoa inayozuia vumbi laini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaboni ina dukani kwake, beringi ina namba yake, na kitako kina mbadala wake. Pafu la mwanagenzi halina spea.

Kazi njema, na tukutane juma lijalo.